Namba Niliyoisoma kwa Kidole

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vyeusi, na kabla ya saa nne asubuhi vilikuwa vimebadilika rangi. Nilifika kwenye kituo cha ukaguzi wa magari cha Nakuru na barua ya ajira ndani ya bahasha ya kaki, cheti cha politekniki, na moyo uliodunda kana kwamba nilikuwa nimekimbia njia nzima kutoka nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Alitoka magharibi kuja kukaza bolti za injini za treni hapa Nakuru, akatulea sisi watoto sita katika nyumba za reli, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula cha mchana karakana. Harufu ya grisi niliizoea mapema, nikaipenda. Kwa hiyo nilipovuka lile lango na kuona malori yamepanga foleni, boneti zimefunguliwa, watu wameinama juu ya injini wakibishana, nilihisi nataka kuanza wakati huohuo, hata kabla ya kuonyeshwa pa kuweka mkoba.

Mkuu wa kituo tulimwita Mkaguzi Mkuu, na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti ya chini. Aliisoma barua yangu akiwa amesimama.

“Hapa wameandika B. Nafula,” alisema. “Nilidhani B ni Benjamin.”

“Ni Beatrice, mzee.”

“Naona.” Akatazama viatu vyangu. “Nenda stoo upewe ovaroli. Hivyo viatu, shauri yako.”

Stoo nilipewa tochi, nyundo ndogo na kipande cha chaki. Hizo tatu zilikuwa ofisi yangu kwa miaka mingi. Kisha Mkaguzi Mkuu akanionyesha shimo la ukaguzi. Kwa nyinyi ambao hamjaliona, ni mtaro wa simiti wenye urefu wa lori, una ngazi upande mmoja. Gari husimama juu yake, magurudumu huku na huku, nawe unatembea chini ukiwa umeinua uso kana kwamba unatazama dari ya nyumba. Kila kitu ambacho mwenye gari hakioni kiko hapo: ekseli, springi, mabomba ya breki, mikono ya usukani.

Gari langu la kwanza lilikuwa lori lililokuwa likibeba yale mawe meupe laini yanayochimbwa Kariandusi. Vumbi lake ni jepesi kama unga wa ngano. Nilipogonga mara ya kwanza, likanimwagikia kichwani.

“Gonga, usikilize,” Mkaguzi Mkuu aliniambia kutoka juu. “Usiniambie unachokiona. Niambie unachosikia.”

Bolti iliyokazwa sawasawa hutoa sauti ya juu, safi. Iliyolegea hujibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Niligonga moja baada ya nyingine hadi nikafika kwenye yubolti, ile bolti yenye umbo la kiatu cha farasi inayoshika springi kwenye ekseli, upande wa kulia nyuma. Ikatoa sauti nzito. Nikagonga tena. Nikachora alama ya chaki.

Mkaguzi Mkuu alishuka, akagonga mwenyewe.

“Nani alikufundisha?”

“Baba. Ni wa reli.”

“Hii springi ingechomoka kwenye ule mteremko wa Mbaruk,” alisema. “Kesho uje na buti.”

Nilirudi nyumbani mchana huo nikiwa mweupe kutoka nywele hadi kwenye vile viatu. Mama alipofungua mlango alipiga kelele akidhani ni mtu wa kupaka chokaa. Baba hakucheka. Alitaka kujua ile bolti ilitoa sauti gani hasa, na tukagonga sufuria zote za nyumba hadi tukaipata.

Nilifanya kazi chini ya Mkaguzi Mkuu kwa miaka saba. Siku hizo breki tulizipima barabarani. Dereva alikimbiza gari hadi kwenye mstari wa chokaa, akakanyaga, nasi tukapima kwa futi umbali hadi aliposimama, tukatazama kama limevuta upande. Baadaye ililetwa mashine ya breki. Ni vyuma vinne vya mviringo vilivyolazwa sakafuni. Magurudumu yanakaa juu yake, vinazunguka, dereva anakanyaga breki, na mshale unaonyesha kila gurudumu linashika kwa nguvu kiasi gani. Siku ilipowashwa mara ya kwanza sote tuliacha kazi tukaja kutazama. Mkaguzi Mkuu mwenyewe aliingiza gari lake la nyumbani. Gurudumu la mbele kushoto halikushika vizuri. Alitoka ndani ya gari akafunga kitufe cha koti, akasema, “Andika limeanguka,” kisha akarudi ofisini kwake. Nikaandika.

Baada ya hapo nilihamishwa Mombasa, bandarini, na hapo ndipo nilipojua maana halisi ya gari la mitumba. Meli ikishusha magari kutoka Japani, yanapangwa uani safu kwa safu, yanang'aa, mengine yana harufu ya sabuni bado. Sheria ilitaka gari lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka, usukani uwe kulia, na liwe limekaguliwa kabla ya kupakiwa melini na kupewa cheti. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba gari lililo mbele yetu ndilo lililoandikwa kwenye karatasi. Baada yetu ndipo wakala wa forodha anamaliza mambo ya ushuru, mwenye gari anaomba usajili, anapata namba pleti na logibuku, hati ya umiliki wa gari.

Msimamizi wetu wa bandarini alikuwa mzee mfupi wa Pwani, mpole, mwenye Kiswahili ambacho sisi wa bara tulikisikiliza kama redio. Siku ya kwanza alinikuta nikianza na faili.

“Usianze na karatasi, mwanangu,” alisema. “Karatasi ikishakwambia kitu, jicho lako litakitafuta kitu hichohicho tu. Anza na gari. Liandike kama ulivyolikuta, kisha ndiyo ufungue faili.”

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma namba ya chasi. Kila gari lina namba yake, na hiyo namba iko mahali pawili. Pa kwanza ni bamba dogo la bati lililopigiliwa karibu na injini. Pa pili ni kwenye chuma chenyewe cha gari, ambako kiwanda hugonga tarakimu kwa mashine yenye nguvu mno. Bamba linashikwa na riveti mbili tu, mtu akitaka anaweza kulihamisha. Chuma hakihamishiki. Unaweka karatasi nyembamba juu ya ile namba, unapitisha penseli ukiwa umeilaza, na tarakimu zinajitokeza nyeupe katikati ya weusi. Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilifanya magari mengi kwa siku, na kila namba ilipoanza kujitokeza nilisisimka kama mara ya kwanza.

Niliporudishwa Nakuru nilikuwa mkaguzi mwandamizi, na dunia ilikuwa imebadilika. Maombi yalikuwa yakifanywa kwa simu, logibuku imekuwa kitu cha kwenye mtandao, na badala ya Mkaguzi Mkuu tulikuwa na Meneja wa Kanda, mwanaume mdogo kwangu kwa umri, nadhifu, asiyeachana na kompyuta yake ya mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kazi yetu inahitaji watu wa kanuni. Nataka hilo lieleweke kabla sijasimulia ile Jumanne.

Asubuhi hiyo liliingia gari dogo jeupe la kubebea mizigo, lile la milango ya kusukuma, ambalo lilikuwa limegeuzwa kuwa ambulansi. Nyuma walikuwa wanawake watatu wamefunga vitambaa vya kijani, na mbele kando ya dereva ameketi mwenyekiti wao, Mama Nyambura, mkulima wa maeneo ya Kariandusi. Walikuwa chama cha akina mama waliouza maziwa pamoja kwa miaka mingi hadi wakaweza kuagiza gari Japani. Walikuwa wamefuata kila hatua. Lilikaguliwa huko, likapita bandarini, likasajiliwa, likapewa namba. Lakini lilisajiliwa kama gari la mizigo. Fundi wa hapa Nakuru alipowawekea kitanda cha mgonjwa na vioo vya pembeni, matumizi yalibadilika, na gari likibadilika hivyo lazima likaguliwe ndipo logibuku iandikwe upya.

“Madam, leo ndiyo ile siku,” Mama Nyambura aliniambia akishuka. “Hawa wengine hawakulala.”

“Na wewe?”

“Mimi nililala kwa hii gari.”

Nilianza na gari, kama nilivyofundishwa. Kwa aina ile, namba imegongwa kwenye bati la sakafu chini ya kiti cha abiria wa mbele. Nikainua kiti, nikapangusa, nikaweka karatasi, nikapitisha penseli. Tarakimu tano za mwisho zikajitokeza: nane, sufuri, nane, sita, moja. Nikaziandika. Nikaenda kwenye bamba la karibu na injini: nane, sufuri, tatu, sita, moja. Nikafungua faili: nane, sufuri, tatu, sita, moja.

Nilirudi kwenye kiti, nikapiga penseli mara ya pili. Nane.

Acha niwaeleze kwa nini nilirudia. Bamba likisema kitu kimoja na chuma kikisema kingine, maana ya kawaida ni kwamba kuna magari mawili. Mtu ameng'oa bamba na karatasi za gari moja, pengine lililogongwa likaisha, akalivisha gari jingine lililoibwa. Gari la namna hiyo huzuiliwa, na mwenye nalo hujieleza kituo cha polisi. Aghalabu halirudi.

Mama Nyambura alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliona nimeandika mara mbili.

“Madam, kuna shida?”

“Kuna tarakimu moja haifanani.”

Akaelewa upesi kuliko nilivyotaka. “Unasema tumenunua gari ya wizi?”

“Sijasema hivyo.”

“Lakini unafikiria.”

“Kwa sasa nafikiria namba tu, Mama Nyambura.”

Hakulia wala kupaza sauti. Alinieleza, taratibu, kwamba mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wakati wa mvua, wakambeba kwa pikipiki, na mtoto akafia njiani kabla hawajaiona lami. Ndipo chama kikaanza kuweka akiba. “Kwa hivyo mimi nitakaa hapa,” alisema, akaketi kwenye benchi la wanaosubiri. Wenzake watatu wakaketi kando yake.

Meneja wa Kanda alikuja nilipomwita. Alitazama karatasi zangu mbili za penseli, akatazama skrini yake.

“Madam Nafula, hii haina mjadala. Namba mbili, gari mbili. Izuiliwe, na polisi waitwe.”

“Naomba muda kidogo, bosi.”

“Wa kufanya nini?”

“Hii nane sijaielewa. Upande wake wa kushoto hauna kina kama ule wa kulia.”

“Mtu akibadilisha namba si ndivyo inavyokuwa?”

“Mtu akibadilisha, anabadilisha ifanane na karatasi. Huyu ameifanya isifanane. Mwizi gani anajisumbua hivyo?”

Alifikiri. Naona hadi leo alivyoinua saa yake. “Ni saa tano. Saa sita napiga simu.”

Saa moja. Vijana, sijawahi kuwa na saa moja kama hiyo. Nilimpigia simu fundi aliyeweka kile kitanda, mtu aitwaye Ouma, mwenye karakana si mbali na kituo. Alifika kwa pikipiki, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso.

“Ouma, ulichomelea nini karibu na hiki kiti?”

“Miguu ya kitanda, madam, na kishikio cha mtungi wa oksijeni. Hapa tu nyuma.”

“Hapa sakafuni ulifunika na kitu?”

“Sikufunika. Hata sikujua kuna namba hapo.” Alianza kuona ninakoelekea, na sauti ikapungua. “Cheche ziliruka. Nikapata vidonge vya chuma vimeshika kwa bati. Nikavigonga na patasi vikatoka, halafu nikapitisha rangi isikae vibaya.”

Basi. Patasi na rangi. Nilifurahi nusu, kwa sababu maneno ya fundi si ushahidi. Meneja angeniambia, na angekuwa na haki, kwamba fundi mwenye patasi karibu na namba ya chasi ndiye mtu wa kwanza wa kukamatwa. Nililowesha kitambaa kwa thina nikaondoa rangi yote. Nikaweka tochi sakafuni, mwanga ukapita kwa ubavu juu ya ile tarakimu. Makovu ya patasi yalikuwa yamekaa mahali pabaya kuliko pote, yakaifunga ile tatu ikawa nane kamili. Kwa jicho hukuweza kutofautisha. Na saa ilikuwa imefika tano na nusu.

Ndipo nikalikumbuka bati lenyewe. Kiwanda hakichori namba, hugonga. Hugonga kwa nguvu kiasi kwamba bati linafura upande wa pili. Patasi ya Ouma ilikwaruza juu tu, isingeweza kufurisha chochote chini. Kama ile ilikuwa nane ya kiwanda, chini yake kungekuwa na nane. Kama ilikuwa tatu, chini yake kungekuwa na tatu.

“Leteni gari juu ya shimo,” nilisema, na nadhani niliita kwa sauti kubwa, maana hata watu wa foleni ya malori waligeuka.

Nilishuka. Chini ya sakafu ya gari kulikuwa na ile rangi nzito nyeusi ya kuzuia kutu. Nilimwambia Ouma agonge kwa kucha mahali namba ilipo, nami nikafuata sauti hadi nikaipata. Nikalowesha kitambaa, nikasugua polepole, nikiogopa kutumia chuma nisiongeze kovu jingine. Weusi ukatoka. Bati likabaki wazi, kijivu, safi. Kwa macho sikuona kitu, mifuro ilikuwa midogo mno. Nikazima tochi, nikavua glavu, nikaweka ncha ya kidole.

Kutoka chini namba inasomeka kinyume, unaanza na ya mwisho. Moja. Kidole kikapita juu ya mstari mdogo kama uzi. Sita, mkia na duara. Kisha ile ya katikati. Nilianza juu, kidole kikazunguka kijilima kimoja, kikaingia katikati, kikazunguka cha pili. Nikarudi upande wa pili, ule ambao juu ulikuwa umefungwa. Palikuwa laini. Palikuwa tambarare kama meza. Nikarudia. Laini. Ili nisijidanganye nikaenda hadi kwenye ile nane ya kwanza ambayo hakuna aliyeibishia. Duara mbili, zimefungwa pande zote, huwezi kukosea. Nikarudi kwenye ya katikati. Wazi.

Niliegemea ukuta wa shimo nikacheka peke yangu.

Kisha nikachukua karatasi na penseli, nikapiga kutoka chini, na ile namba ikajitokeza kinyumenyume. Nilipoigeuza nikaiangalia kwa mwanga kutoka nyuma, ilisomeka yenyewe: nane, sufuri, tatu, sita, moja.

Meneja wa Kanda alifika ukingoni mwa shimo saa sita kasoro dakika chache, simu mkononi.

“Kwanza shuka, bosi,” nilimwambia.

“Na suti?”

“Na suti.”

Alishuka. Nikaushika mkono wake, na hilo si jambo unalomfanyia Meneja wa Kanda, nikaweka kidole chake kwenye tarakimu ya kwanza kati ya zile tano.

“Hii ni gani?”

Alipapasa. “Nane.”

“Na hii?”

Alikaa muda mrefu hapo. Alirudi kwenye ya kwanza, akaja tena kwenye ya tatu. Jasho lilimtoka. “Hii iko wazi upande mmoja,” alisema. “Hii ni tatu.” Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyesahau cheo chake: “Nafula, hii kitu umejifunza wapi?”

“Hapahapa, sasa hivi.”

Hakupiga simu polisi. Lakini pia hakulipitisha gari kwa neno langu tu, na nilimheshimu kwa hilo. Alipiga picha, akaambatisha karatasi zote, akaandikia makao makuu akiomba picha ya namba iliyopigwa Japani wakati wa ukaguzi wa kabla ya meli. Gari likabaki uani. Mama Nyambura nilimweleza kila kitu, nikamshusha shimoni naye aguse, akiwa na gauni lake la safari. Aliposhika ile tatu alisema tu, “Kumbe iko.” Wakaondoka kwa miguu kwenda kutafuta matatu, bila gari lao, lakini niliwasikia wakiongea kwa furaha hadi walipovuka lango.

Jibu likaja Alhamisi. Picha ilikuwa wazi kama mchana: tatu, safi, bila kovu.

Ijumaa tulifanya ukaguzi uliobaki, na kituo kizima kilikuwa kimesikia, kwa hiyo tulikuwa na watazamaji. Taa, indiketa, wipa, mikanda. Usukani nikautingisha kutoka chini, haukucheza. Kwenye mashine ya breki magurudumu yote manne yalishika karibu sawa. Nikaliendesha mwenyewe barabarani hadi Lanet na kurudi, Mama Nyambura amekaa nyuma kando ya kitanda akishikilia mtungi usitingishike, akiniuliza kila kona kama bado tunakagua. Tuliporudi nikamwambia kimebaki king'ora, abonyeze mwenyewe. Alibonyeza. Malori, mafundi, wauza chai wa langoni, wote wakasimama. Hakujua jinsi ya kukizima, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwonyesha.

Wiki chache baadaye alinipigia simu. Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa aliyeanguka kutoka juu ya paa akirekebisha bati, na wa pili alikuwa mama mjamzito, aliyefika hospitali mapema hata akalalamika kwamba wamemharakisha. Niliandika habari hizo nyuma ya ile karatasi yangu ya penseli.

Ouma naye sikumwacha. Nilimwambia aje kituoni Ijumaa iliyofuata na mafundi wenzake wote wa kuchomelea, nami nitawaonyesha namba ziko wapi kwa kila aina ya gari. Nilitegemea watu watatu. Wakaja wakajaa kituo. Wengine walikuwa wamechomelea magari miaka ishirini bila kuambiwa na yeyote kwamba sakafu ina kitu cha kulindwa. Meneja wa Kanda alikuja akasimama nyuma, kisha akavua koti akaanza kuwashikia tochi. Mikutano hiyo ya Ijumaa iliendelea hadi nilipostaafu, na nasikia inaendelea bado.

Sasa nina shamba dogo upande wa Njoro, ng'ombe watatu, na magoti yanayokumbuka kila ngazi ya lile shimo. Vijana wa chuo wananiuliza kama sikuchoka kutazama matumbo ya magari maisha yangu yote. Nawaambia ukweli. Kuna siku nilichoka, hasa mvua ikinyesha na matope yakikudondokea shingoni. Lakini gari likiingia juu ya shimo na mwanga ukakatika, bado nilikuwa na ile hamu ya kujua limebeba nini ambacho mwenyewe hajui. Watu hukabidhi miili yao kwa vyuma ambavyo hawajawahi kuvitazama kwa chini. Mtu mmoja lazima atazame. Mimi nilibahatika kuwa huyo mmoja.

Mwaka huu niliagiza pikapu ndogo ya mitumba kutoka Japani, ya kubebea maziwa, gari langu la kwanza katika maisha yangu yote. Nililifuatilia kwenye simu tangu lilipopakiwa melini kama mtu anayesubiri mgeni. Likifanya biashara lazima likaguliwe, kwa hiyo nikalipeleka Nakuru, nikapanga foleni kama watu wengine. Aliyenikagua alikuwa mkaguzi msichana, Wairimu, ambaye hakunijua wala sikujitambulisha. Alianza na gari, akaacha faili kwenye kiti. Nilitazama buti zake zikishuka ngazi, nikasikia nyundo ikianza kugonga, na nikajikuta nimeshika pumzi.

Alipanda baada ya muda, akapangusa mikono.

“Mathe, hendibreki haishiki upande wa kushoto. Siwezi kuipitisha leo.”

“Una hakika?”

“Nimepima mara mbili.”

“Na hayo mengine?”

“Mengine iko sawa. Tengeneza hiyo, urudi.”

Aliandika, akanipa karatasi nitie sahihi. Nilitia sahihi. Niliendesha polepole hadi Njoro, na njia nzima, kila nilipokumbuka alivyosema “mara mbili”, nilipiga usukani kwa kiganja nikacheka.